Migomba ya Mgeni

Jumanne asubuhi Gisèle alikuwa amepiga magoti kando ya barabara kubwa, akipima kwa utepe nafasi iliyobaki kati ya mfereji na ukuta wa shule. Alikuwa ndiye agronome mpya, mtaalamu wa mimea, wa ofisi ya bustani za mji, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchagua miti ya barabara hiyo. Mkaratusi aliukataa kwa sababu hunywa maji yote ya udongo. Mparachichi aliukataa kwa sababu matunda yangewaangukia vichwani wamotari, waendesha pikipiki za abiria. Alichagua grevilea upande wa jua na jakaranda upande wa pili. Miche ilikuwa imekwisha kuota ndani ya vifuko vyeusi nyuma ya ofisi, na hakuna uliopita urefu wa kiganja.

Chef wake wa ofisi, Papa Théodore, alikuja kumtazama. Alikuwa mtu mpole asiyepandisha sauti.

“Gisèle mwanangu, hii miti yako itakuwa mikubwa lini?”

“Kisha myaka mingi, Papa Chef.”

“Mugeni anafika Jumamosi.”

Mgeni huyo alikuwa nani, hakuna aliyejua, lakini wote walijua kwamba ni mkubwa. Papa Théodore alisema wasimike migomba, kama desturi ya huku ilivyo. Mgomba hukatwa, husimamishwa kwenye shimo kando ya barabara, na kwa siku chache mji hufanana na shamba. Kisha majani hulegea, mgomba huanguka, mbuzi humalizia. Maharusi hupokelewa hivyo, maaskofu pia.

“Ya kukata haina mizizi, Papa,” Gisèle alisema kwa sauti ndogo.

“Mugeni anapita mu gari. Mu gari watu hawaonake mizizi.”

Migomba mizuri ilikuwa kwenye mlima wa Kasha, juu kabisa ya mtaa wa Bagira, kwenye mteremko wa Maman Francine. Gisèle ndiye aliyetumwa na lori, kwa kuwa wamama humsikiliza.

Maman Francine alikuwa akianika sambaza juu ya bati. Alisikiliza maneno yote mpaka mwisho, akigeuza samaki.

“Weye njo ulisoma mambo ya miti?”

“Ndiyo, maman.”

“Basi unajua. Hii migomba njo inashikaka mulima. Mukiitosha hapa, mulima utakuja kulala mu nyumba yangu.”

Gisèle alijua. Alitazama viatu vyake. Wanaume wa lori walikuwa wamekwisha kushuka na mapanga, na yeye hakuwa mtu wa kusimama mbele ya wanaume. Ila hakuweza kuvumilia kuiona migomba ile ikatwe ili ioze. Basi akawaambia wasikate. Wachimbe, waing'oe pamoja na vishina na udongo wake, ili ikifika barabarani iendelee kuishi. Alidhani anaihurumia.

“Ule wa pembeni ni wa mutoto wangu,” alisema Maman Francine. “Kitovu chake kiko pale chini.”

“Tutaubeba na udongo wote, maman. Hakuna kitu kitabakia.”

Mtoto mwenyewe, Aimée, wa darasa la tano, alikuwa ameketi mlangoni na sare ya shule, akila muhogo.

“Mademoiselle, mugomba yangu itakaa fasi gani?”

“Mbele ya ukuta wa masomo yenu.”

“Aa, basi itafika mu classe mbele yangu,” alisema Aimée, na wanaume wa lori wakacheka.

Jumamosi mgeni alipita, vioo vimefungwa. Wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha mchana. Maman Francine alikuwa Kadutu, sokoni, na samaki wake. Mlima wa Kasha uliteremka polepole, kama mtu anayeketi, ukaifunika nyumba, na Aimée alikuwa ndani. Majirani walichimba mpaka majembe yakagonga mwamba. Hawakumpata. Kilio kilifanyika bila jeneza, na Gisèle alikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, kitambaa usoni.

Migomba ya barabarani haikulegea. Ilishika. Jua liliporudi, Aimée alionekana amesimama chini ya mgomba wake mbele ya shule, na sare ya buluu na nyeupe, na matope magotini. Mwalimu alitoka akamwambia aingie, wenzake wamefika kwenye hesabu za sehemu. Alijibu kwamba hawezi kutoka kwenye kivuli. Mwalimu akafungua dirisha la upande ule ili asikie somo.

Habari ilipanda mpaka Kasha. Maman Francine, aliyelala sasa kwa jirani, alishuka na sahani iliyofunikwa.

“Ulikawia, maman.”

“Gari zilikuwa shida, mutoto wangu.”

Tangu hapo alikuja kila siku ya jua. Siku za mawingu hakukuwa na kivuli, na Aimée hakuwepo. Wakati wengine kanisani waliomba mvua kwa ajili ya maharagwe, Maman Francine aliomba jua, kwa sauti, na padri alisema amina kwa wote.

Wamotari walimzoea. Parfait, aliyepaki hapo akisubiri abiria, alimchokoza kila mara.

“We Aimée! Uko mwanafunzi ama uko police ya roulage? Kutwa kusimama mu barabara!”

“Roulage anakulaka franga za watu,” Aimée alijibu. “Miye sikulake kitu.”

Ilikuwa kweli. Sahani ilirudi imejaa, na mama yake aliifunika tena.

Gisèle aliupitia mgomba ule kila asubuhi. Aliondoa majani makavu ya chini na kuacha yale mapana yenye kivuli. Aimée alimwamkia vizuri, kama mtu anayefahamiana naye. Hakumwuliza chochote, na hilo Gisèle hakulizoea.

Msimu ulipogeuka, mgeni mwingine akatangazwa. Papa Théodore alipita barabarani kwa miguu. Upepo ulikuwa umechana majani ya migomba ya zamani. Aliagiza yote iondolewe, iletwe mingine.

“Huu hapana, Papa Chef,” alisema Gisèle. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama mbele ya mtu. “Kuko mutoto.”

“Namuona.”

“Jambo, papa,” alisema Aimée.

“Jambo, binti. Masomo inaenda?”

“Inaenda.”

Papa Théodore alifuta jasho. Alimtazama Maman Francine, aliyeshika shina kwa mikono miwili.

“Huu tuuache,” alisema. “Muupake chokaa, usionekane kama tumeusahau.”

Maman Francine aliachia shina. Gisèle alivuta pumzi akasema na lile lingine, kabla woga haujarudi.

“Na kule mulimani, Papa? Miche yangu ingali nyuma ya ofisi. Tuipande Kasha, na kwenye miteremko ingine, mbele ya mvua. Migomba ya watu tuiache.”

Papa Théodore alifikiri, tena kwa moyo wote.

“Kasha mugeni hapitake,” alisema. Hakulisema kwa ubaya.

Ijumaa lori lilishuka kutoka mteremko mwingine, limejaa. Kila mgomba ulikuwa na kishina chake na udongo mweusi unaodondoka.

“Kwa nini mumeing'oa?” Gisèle aliuliza.

“Si weye njo ulitufundisha, mademoiselle?” alijibu dereva. “Hivi inakuwa na uzima.”

Gisèle akawaonyesha mahali pa mashimo, maana bila yeye wangechimba ndani ya mfereji. Safu ilinyooka vizuri, mgomba hadi mgomba, mpaka kwenye kona.

Jioni Maman Francine alifika na Parfait, wamebeba benchi mpya ya mbao, ndefu kama ya kanisani. Waliiweka nyuma ya migomba, ikiutazama mstari wote.

“Hii yote kwa muntu moja, maman?” Parfait aliuliza.

“Mvua iko karibu. Wamama wa ule mulima ingine watachoka kusimama.”

Mguu mmoja wa benchi ulicheza. Gisèle alitafuta jiwe bapa, akalisukuma chini yake, akajaribu kwa mkono mpaka ikatulia. Maman Francine akaketi mwishoni kabisa, karibu na binti yake, akakunja kitenge ili kisichukue nafasi.