Mizunguko Minne ya Spana

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa dereva wa garimoshi, na karakana nzima tulimwita Kaza. Jina lilitokana na spana aliyoibeba kwenye mfuko wa nyuma. Kabla ya mlima alikuwa akipanda juu ya boila na kuikaza nati ya vali ya usalama mizunguko minne, ili springi iwe ngumu na mvuke usitoroke bure. Madereva wote walifanya hivyo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na wao walisifiwa kwa kufika mapema.

Sisi mafundi tulijua. Kwa hiyo tuliilegeza vali mizunguko minne kabla injini haijatoka, kisha tukaandika daftarini: "Vali imewekwa sawasawa." Wao wakikaza, inarudi palepale inapotakiwa, shinikizo la paundi mia na sitini. Hakuna aliyelitamka jambo hilo, na msimamizi alisaini bila kusoma.

Mimi lilinikera. Injini ya Kaza ilikuwa kuukuu, mabati yake yameliwa na kutu, na sindano ya kipimo ilitetemeka hata hakuna aliyeiamini. Siku mtu akijisahau akakaza minane, je? Nikaamua kukereza pete nene ya chuma ya kukaa chini ya nati. Ikishaingia, nati inagota hapo, hata uje na spana ya urefu wa mkono. Nilipomweleza Kaza alicheka hadi akakohoa.

"Shemeji, unataka kuninyang'anya jina langu?"

"Nataka dada yangu asiwe mjane."

"Dada yako amezoea kelele zangu. Kereza pete yako."

Jumatatu asubuhi niliiweka vali kwenye mia na sitini kamili, bila kulegeza hata robo, kwa kuwa pete ingeilinda, nikaandika daftarini maneno yale yale. Pete ikagoma kuingia. Tundu lilikuwa dogo kwa unywele mmoja tu, nami nikairudisha kwenye mashine. Sijamaliza, msimamizi akaja akifoka kwamba injini nyingine imeharibika na hii ya Kaza inatoka sasa hivi.

Nilikimbia uwanjani. Kaza alikuwa tayari juu, daftari mkononi.

"Pete vipi?" akauliza.

"Bado."

"Basi mambo ni yale yale."

Nilitaka kumwambia asiiguse ile nati. Msimamizi alikuwa amesimama katikati yetu, mkono kiunoni, na kusema vile mbele yake kungefichua uongo wa miaka kumi na mmoja, wangu na wa wenzangu. Nikatikisa kichwa tu, kama kumkataza. Kaza akasoma nilichoandika, akamrudishia msimamizi daftari, akanikonyeza.

"Sawasawa yenu naijua!" akasema, akaondoka.

Boila lilipasuka mlimani saa tano. Tuliusikia mshindo tukiwa karakanani, na kila aliyekuwa na nyundo aliishusha. Kaza alikufa pamoja na mchochea moto wake. Spana tuliiokota mbali na reli, imepinda.

Wachunguzi walipokuja, msimamizi aliwafungulia daftari. "Fundi hana kosa," akawaambia. "Imeandikwa sawasawa." Nilishukuru kimoyomoyo, na sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile.

Wiki iliyofuata dada alikuja kuchukua nguo za kazi za mumewe. Alizikunja juu ya meza yangu, taratibu, akipangusa masizi kwa kiganja. Mimi nilishika ile pete. Nilikuwa nimeimaliza, na sasa inaingia vizuri.

"Wanasema vali uliiweka vizuri," alisema. "Ni kweli, kaka?"

"Ni kweli."

"Kama siku zote?"

Alikuwa akinitazama usoni, akingoja neno la kwenda nalo nyumbani.

"Hapana, dada," nikasema. "Siku ile tu."