Jembe la Mkuu wa Chuo

Sijawahi kuona mtu mbishi kama Madam Agatha, na nasema hivyo kwa mapenzi. Alipopewa ukuu wa michezo katika chuo chetu cha ualimu hapa Same, alikabidhiwa mipira miwili iliyotoboka na uwanja wa miiba. Leo makombe yamejaa kabatini, mengine yanakaa juu ya friji la walimu. Wasichana wake wa netiboli wanaogopwa kanda nzima, na wakimbiaji wake, watoto wa milimani, wakishuka tambarare huwashiki.

Siri yake mimi niliiona wendawazimu. Kila kijiji cha Upareni kikiitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo pembe ikilia kila mtu anatoka na jembe lake, yeye alipakia timu kwenye gari akapanda nayo. Wamechimba barabara Vudee, wamebeba mawe ya kanisa Mhezi. Mimi mtu wa Kigoma, mwalimu wa jiografia, nilimcheka.

"Hii ni timu ya mpira au ya majembe?"

"Zote, Mwalimu Majaliwa. Na wewe ungekuja, hicho kitambi kingepungua."

Mwaka huu aliomba mashindano ya vyuo vya kanda yafanyike kwetu, na wakaguzi walikuwa waje Jumamosi kutazama uwanja. Jumatano mvua ikanyesha milimani, huku chini hata tone. Maji yakashuka kwa hasira yakaupasua uwanja katikati, yakaacha korongo la kumeza ng'ombe.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Tumainieli, alisimama ukingoni, mikono nyuma.

"Madam, nimevumilia vya kutosha. Wakaguzi wakiukataa uwanja huu, hapa najenga bweni. Mtakimbia barabarani."

Si mtu mbaya. Wanafunzi wanabanana kweli. Lakini bila uwanja, kazi yote ya Agatha ilikuwa imekwisha, na kila mtu pale alilijua hilo.

Nikaenda mbio kumsaidia. Rafiki yangu Muhidin anaendesha greda, na alikuwa radhi kuja Ijumaa afukie lile korongo kwa asubuhi moja. Nilimpelekea Agatha habari hiyo nikitabasamu.

"Asante sana, lakini hapana," alisema. "Nimeshapiga simu Vudee."

Nilikasirika, sitaficha. Niliona kiburi kinamponza mtu niliyemheshimu kuliko wote chuoni.

Ijumaa, kabla chai haijachemka, pembe ililia getini. Watu walikuwa wakishuka kwenye malori na majembe, makarai na matoroli: akina baba wa Suji, akina mama wa Vudee, vijana wa Mhezi. Mbele yao alikuwa Mama Yudith, kiongozi wa msaragambo kule Vudee, mwenye sauti ya kuishinda pembe yenyewe. Watu hawa wameacha mashamba yao msimu wa kupalilia waje kufukia shimo letu, kwa sababu watoto wa Agatha walikuwa pamoja nao kwenye misaragambo ya kwao.

Kabla jembe halijagusa ardhi, Mama Yudith aliita majina. Walimu tukaitika mmoja mmoja. Kisha akapaza sauti:

"Tumainieli wa Suji!"

Mkuu alikuwa ofisini, dirisha wazi. Msaragambo hauulizi cheo. Mpare asiyetoka pembe ikilia hutozwa jogoo, na jogoo si kitu. Kinachouma ni kutajwa mbele za watu.

"Tumainieli wa Suji! Unatoka, au tukamwite mama yako?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mkuu akatoka, tai shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Jembe lako liko wapi?"

Madam Agatha alikuwa amesimama pembeni na majembe mawili. Akampa moja.

Mkuu alianza kwa kugusagusa udongo kama anayeogopa kuuumiza. Baadaye akavua tai, akaitia mfukoni. Mchana nilimkuta ndani ya korongo, suruali imekunjwa hadi magotini, akisukuma jiwe kubwa pamoja na watu wa kwao na kuwafokea kwa Kipare jinsi ya kulilaza. Jioni wengine walipopanda malori, yeye alibaki akishindilia kona moja ambayo, kwa maoni yake, ilikuwa imefanywa kwa kulipua.

Jumamosi wakaguzi wakaja. Mmoja wao alibonyeza udongo kwa kisigino, akakunja uso.

"Hapa pamefukiwa jana tu. Labda tuyapeleke mashindano kwingine. Na nimesikia mna mpango wa kujenga bweni hapa."

Nilimtazama Agatha. Alikuwa ameinamisha macho chini.

"Bweni?" Mkuu alifoka. Aliinua viganja vyake, malengelenge matupu, hadi karibu na pua ya yule bwana. "Ruka hapo! Ruka kwa nguvu zako zote! Chini ya miguu yako kuna jiwe nililolisukuma mimi mwenyewe. Bweni litajengwa nyuma ya jiko. Huu ni uwanja!"

Mkaguzi akaruka. Akaruka tena. Ardhi haikutitia hata kidogo, naye akacheka.

"Haya, mheshimiwa. Mashindano ni hapa."

Nilimsogelea Agatha.

"Kumbe ndiyo maana ulilikataa greda."

"Greda lingefukia shimo tu," alisema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mwalimu."

Mkuu hakutusikia. Mbuzi wa jirani alikuwa ameingia uwanjani, naye alikuwa akimkimbiza, tai mkononi, akimtishia nayo kwa Kipare.