Waya Alioukata Enoch

Enoch Tranter na mkewe Dilys waliishi miaka kumi na tisa ndani ya boti yao ya chuma, nyembamba kama ujia, kwenye mfereji nyuma ya shamba moja huko Staffordshire. Umeme waliupata kwa waya mrefu uliotoka ghalani kwa mwenye shamba, kwenye soketi kuukuu yenye fyuzi tu, isiyo na swichi ile inayojizima mtu akipigwa shoti.

Mwezi wa Aprili waliipandisha boti nchi kavu waipake lami. Mkaguzi akagonga chini kwa nyundo, akapima, akaguna. Chuma cha milimita sita kilikuwa kimebaki nne, kimejaa vishimo kama uso wa aliyeugua ndui.

Boti iliporudi majini, Verity Bagnall, fundi umeme aliyeishi boti ya jirani, akawaeleza chanzo. Waya wa ethi, ule wa kupeleka hitilafu ardhini, uliwaunganisha na boti zote zilizochomekwa pale, na umeme mdogo usiohisika ulikuwa ukipita majini usiku na mchana, ukikila chuma chao.

"Kuna kifaa cha kufunga hapo," alisema. "Kinauzuia huo mdogo, lakini hitilafu kubwa kinaiacha ipite iende ardhini. Nitakuja Jumamosi."

"Jumamosi ya mwaka gani?" Enoch akacheka. "Koleo langu linaukata huo waya sasa hivi."

"Enoch, ukiukata, siku umeme ukivuja humo ndani boti nzima ni waya ulio uchi. Bora uozewe na chuma."

"Mafundi bwana! Mtu akikohoa, mnataka kumfunga nyaya."

Jioni ile ile aliukata, Dilys akimshikia tochi.

"Lakini Verity amesema..."

"Verity boti yake mpya. Hii ikitoboka, tunahamia wapi mimi na wewe?"

Dilys akasogeza tochi karibu. Jumamosi alipomwona Verity anakuja na sanduku la vifaa, ni yeye aliyetoka kumpokea.

"Tumeshafungiwa kile kifaa, dada. Kuna mtu alipita."

Verity akageuka na sanduku lake. Kisha maisha yakaendelea.

Novemba ikaja na mvua zake. Asubuhi moja Enoch alitoka kwenda kuchukua gunia la makaa kwenye kibanda cha shambani. Alikuwa ameamka na maumivu ya mgongo, kwa hiyo Dilys akawasha hita ya maji ili akirudi aoge. Hita ilikuwa imepasuka ndani. Umeme ukavujia kwenye chuma na, bila ule waya, haukuwa na pa kwenda. Dilys, aliyesimama juu ya chuma hicho hicho akikaanga nyama, hakuhisi kitu, kwa kuwa hakugusa ardhi.

Alisikia gunia likianguka.

Alipotoka mlangoni alimwona mumewe kwenye majani yaliyolowa, mkono umekaza kwenye reli ya boti, mdomo wazi, sauti hakuna.

"Dilys, usishuke!" Verity alipiga kelele kutoka botini kwake. "Usimguse! Baki hapo hapo!" Akaruka ukingoni, akakimbilia ghalani kuchomoa plagi.

Zilikuwa hatua mia na hamsini. Dilys alisimama na ndala zake, mume yuko mbele yake, hata ufagio ungemfikia.

"Enoch," aliita. "Enoch, mpenzi, achia. Achia tu."

Mkono ukaachia umeme ulipokatika. Verity alirudi akamkandamiza kifua mpaka ambulensi ilipofika, na hata wahudumu walipomwambia basi, aliendelea.

Baadaye aliikuta ncha ya ule waya wa kijani na manjano, imezungushiwa utepe vizuri kabisa.

"Mliniambia mmefungiwa."

"Mimi ndiye niliyekwambia," Dilys akasema.

Verity akakaa chini kwenye matope.

Kwenye kikao cha kuchunguza kifo, Verity aliulizwa kuhusu soketi, hita na waya. Kuhusu Jumamosi ile hakusema neno. Dilys alikaa mstari wa mbele akingoja na yeye aulizwe. Hakuna aliyemuuliza. Wakaandika kwamba ilikuwa ajali.

Januari boti iliuzwa kama chuma chakavu. Dilys alipewa chumba ghorofa ya tatu, mjini. Verity alimpigia simu mara mbili, na mara zote mbili walisikilizana wakipumua. Ya tatu Dilys aliitazama ikilia juu ya meza mpaka ikanyamaza yenyewe.