Basi Kwanza

...hapana, sigeuki, nimeshaliona koti na inatosha, koti la kahawia lenye kiraka begani, kiti cha nyuma cha bajaji, halina mwenyewe mwingine Ngana nzima, ni baba mkwe, na mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe usoni, hata kama siku hizi mkamwana mwenyewe kavaa riflekta na kofia ngumu na ndiye mwenye kisanduku cha taa, nimempa mgongo na nimebonyeza kitufe, upande wetu nyekundu, ng'ambo kijani, basi la Mbeya linaingia darajani taratibu, mbao zinalia, na msimamizi wangu Ebeneza ananisemesha kwenye redio koli, Tusajigwe, basi kwanza, najua, kwani nimesahau, basi kwanza ndiyo sheria ya daraja hili la muda, basi lina watu sitini, bajaji ina wawili, hesabu ya darasa la pili, na mimi mwenyewe niliisifu siku ya kuchukuliwa kazini, nikasema basi ni basi hata aje ndugu yangu, mdomo huu, nani aliutuma... honi, honi tena, ni Andongwisye, dereva wa bajaji, anapaza sauti, dada Tusa, tupishe, nina mgonjwa! Mgonjwa, ehe, hapa kila mtu ni mgonjwa, juzi mmoja kaletwa amelala juu ya magunia ya kakao anaguna, nikamwonea huruma, nikalisimamisha basi, alipofika ng'ambo akashuka mwenyewe akajitwika gunia, abiria wakanizomea madirishani, Ebeneza akasema ukirudia unavua riflekta, na leo pia ni siku ya kuuza kakao, mzee ana kakao yake, huo ndio ugonjwa wake... lakini magunia sikuyaona, niliona koti tu, koti na shingo imeinama, nikageuka haraka kama aliyeungua, ningetazama kidogo tu zaidi ningejua, mtu gani mwenye akili zake anageuka kabla hajaona, ni sisi tu, tunafundishwa kukimbilia migombani kwanza, kuuliza baadaye, miaka kumi na moja nimeolewa na Hezroni na sura ya baba yake siijui, Hezroni ananicheka, anasema baba kazeeka sana siku hizi, nasema haya, mimi nitajuaje, mimi namjua kwa mgongo na kwa kikohozi, maana akija kwetu anaanza kukohoa tangu mbali ili nipate muda wa kuingia ndani, si kikohozi cha ugonjwa, cha adabu, nami napotelea jikoni mpaka aondoke, na mwaka ule mimba yangu ilipotoka, kila Jumamosi nilikuta mkungu wa ndizi mlangoni, hakuna aliyesema ni wa nani, nilijua, na sijawahi kumwambia ndaga, asante tu, neno moja, ningemwambia vipi... basi limefika katikati, mama mmoja dirishani ananipungia mkono, dada wa taa, ubarikiwe, nampungia na mimi, mnafiki mkubwa, na kule ng'ambo limetokea la pili, jeupe, linawasha taa zake kuomba njia, Ebeneza tena, Tusa, la pili hilo, yaunganishe, usibadilishe taa, dakika nne nyingine, labda tano, sitini na sitini, mia na ishirini, nani atashindana na mia na ishirini, na nyuma yangu kimya, Andongwisye hapigi honi tena, kwa nini hapigi honi, alikuwa anapiga sasa hivi... na hakukohoa. Mzee hakukohoa. Anajua niko hapa, Ngana nzima inajua niko hapa, na akiniona hata kwa mbali lazima akohoe, sokoni anakohoa, kanisani akichelewa ibada anakohoa pale mlangoni mpaka watu wanacheka chinichini, leo bajaji yake iko hatua tano kutoka mgongoni kwangu, hakukohoa, mwenye nguvu za kwenda kuuza kakao atakosa pumzi ya kukohoa?... naogopa, kidole kiko kwenye kitufe, wale sitini wana haraka, wana masoko yao, wana watoto, sikatai, lakini wakichelewa watafika wakiwa wamechelewa tu, haya, Mungu anisamehe, na wazee wanisamehe, nageuka, mwili mzima, namtazama, ana masharubu meupe, sikujua kama ana masharubu, pua ni ya Hezroni, midomo imekauka, Andongwisye kaacha usukani yuko nyuma kamkumbatia asianguke, na macho yake yako wazi, yananitazama, nangoja avute koti ajifunike uso, nangoja ageuke upande, ageuke tu, baba wa watu, ukasirike, uone aibu, nijue una nguvu... hageuki... redio tena, Tusa, unanisikia, Tusa, la pili linaingia? Nakusikia Ebeneza, taa yetu bado nyekundu, mkia wa la kwanza bado uko juu ya mbao, na la pili litasimama, nabonyeza, ng'ambo nyekundu, baba, shikilia hapo hapo, litasimama.