Mlango wa Nyuma wa Kaltuma

Asubuhi ya kikao cha kugawa baraza, Kaltuma alikaanga mandazi, akafagia, kisha akafungua mlango wa nyuma wa nyumba yake ya Laini Saba, Kibera, na kuketi kizingitini. Mlango ule ulifungukia ndani ya ukumbi wa baraza, Kawangware. Ulikuwa hivyo tangu serikali ilipoyaunganisha mabaraza mawili, la Kibera na la Kawangware, kuwa moja, mwaka wa sabini na mbili. Wengine muungano uliwaletea foleni. Yeye ulimletea ukumbi. Mumewe, Lukman, alipokuwa hai alilalamikia moshi wa sigara za madiwani tu.

Sasa Lukman alikuwa na siku hamsini kaburini na Kaltuma alikuwa katika eda. Hakutakiwa kutoka nyumbani mpaka miezi minne na siku kumi itimie, na hakutoka. Nyayo zake zilikuwa Kibera, ndani ya nyumba yake. Haja yake ilikuwa moja: barua ya kiwanja, iliyokuwa kwa jina la Lukman, iandikwe kwa jina lake yeye kabla baraza halijavunjwa. Bila barua, nyumba ingehesabiwa kibanda, na vibanda hubomolewa.

Naftaly, diwani mwenye viwanja Kawangware, alisema watu wake wamechoka kuibeba Kibera mgongoni. Fadul, diwani wa Kibera, akajibu kwamba tangu waunganishwe hata msumari wa kuezekea huombewa ruhusa Kawangware. Walikuwa wanakubaliana, ila kila mmoja alitaka aonekane ndiye aliyemkataa mwenzake kwanza. Hilo lilikula saa nne nzima.

Mchana karani Gichuru alifikia faili ya Lukman. Wino ulikuwa tayari. Akamwita Kaltuma aje atie kidole gumba.

"Niko eda, mwanangu. Nisogezee hiyo meza."

Toka kizingitini hadi mezani ilikuwa hatua tatu.

"Meza haiwezi songa, mama. Bado hatujajua itaenda baraza gani."

"Basi niletee karatasi."

"Karatasi inawekwa kidole hapa kwa meza. Ndio sheria."

Kaltuma aliitazama ile meza kwa hasira. Angeweza kutoka, Lukman asingejua. Lakini alikuwa ameishi naye miaka thelathini na tisa, akaona haya kumvunjia heshima kwa ajili ya hatua tatu. Faili ikafungwa, kura zikapigwa, baraza likagawanywa. Kesho yake mlango wa nyuma ulifungukia ukuta wa choo cha jirani.

Eda ilipokwisha alikwenda kwa miguu. Kawangware walimwambia hilo ni jambo la Kibera. Kibera walimwambia faili za zamani zilibaki Kawangware, na wao wamefungua daftari jipya. Karani wao, Ndeti, alimuuliza alifika Kibera lini.

"Nilizaliwa hapa. Mamangu pia."

Ndeti alimweleza kwa upole kwamba mkazi hawezi kuwa mkubwa kiumri kuliko baraza lake. Akaandika kuwa alifika tarehe ambayo baraza lilifunguliwa, wiki kumi na moja zilizopita, na chini yake akaandika: hana kiwanja. Kaltuma akatia kidole.

Aliporudi, alimkuta Apiyo, jirani yake kwa miaka ishirini, amesimama mlangoni na birika la chai.

"Karibu Kibera, mama," Apiyo alisema. "Umetoka upande gani?"

Kaltuma alipokea chai, akashukuru, akauliza hapa maji huchotwa wapi.