Dakika Kumi za Diski ya Tatu

Saa tisa alasiri mwanamume haingii banda la video la Mohamedi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mlangoni, lakini Mikindani nzima iliijua. Saa hiyo ilikuwa ya wanawake: wamekwisha rudi kutoka shambani, muhogo wa jioni umekwisha menywa, na bado hakuna mtu wa kuwauliza chakula kiko wapi. Kwa hiyo Jumatano ile ya mwaka 2008, pazia lilipofunuliwa akaingia mwanamume mrefu, kofia mkononi, viganja vimejaa grisi ya baiskeli, banda zima lilimgeukia.

"Kaka, umepotea? Msikiti uko kule."

"Mwacheni, kaja kumwita mkewe."

"Basi ataje jina, tumtoe tumkabidhi!"

Mgeni alisimama akiitazama televisheni kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu yake inatoka nyumba ya watu asiowajua. Kisha akachuchumaa palepale karibu na pazia, na kwa kuwa hakumsumbua mtu, wakamsahau.

Mwanaisha hakuwa na nafasi ya kumshangaa. Alikaa kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, macho kwenye mistari ya Kiingereza iliyopita chini ya picha, akiifasiri kwa Kiswahili. Tamthilia ilikuwa ya Kikorea, sehemu kumi na sita za ngumi, visu na machozi, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa watu wote wale. Alikuwa mzee na alikuwa mtoto. Alikuwa jambazi anayenguruma na mama anayeomba. Sauti za Wakorea aliziacha zikisikika kwa mbali, yake ikapanda juu ya zao, na wanawake wale waliapa kwamba kuna siku walisahau kuwa ni yeye anayesema.

Majina halisi ya wahusika yalikuwa yamewashinda, wakawapa ya kwao. Kijana wa bandarini, ambaye baba yake aliuawa yeye akiwa na miaka minane na sasa amerudi kuwatafuta wauaji mmoja mmoja, walimwita Mkimya. Tajiri aliyeamuru mauaji alikuwa Bwana Miwani. Na mdogo wa marehemu, aliyemlea Mkimya, walimwita Ba'mdogo, na walimchukia kuliko Bwana Miwani mwenyewe, kwa sababu Ba'mdogo ndiye aliyemuuza kaka yake.

Siku hiyo ilikuwa sehemu ya kumi na tano. Ba'mdogo alipiga magoti kaburini, akalia mpaka mabega yakatikisika. Mwanaisha akaishusha sauti, akaikwaruza kidogo:

"Kaka, nisamehe. Nilikuuza, na kila usiku nakuona."

"Na bado!" alifoka mwanamke wa safu ya mbele. "Utamwona mpaka kiama, mnafiki wewe!"

Banda likaitikia kwa matusi ya kila aina. Ndani ya kelele hizo mgeni akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Kilimtoka, akajiziba mdomo kwa kofia, akainuka akatoka nje.

Sehemu ilipokwisha na watu wakaanza kukusanya watoto na kanga zao, Bi Mariamu alibaki kwenye benchi lake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Kwenye skrini aliona mwanga na vivuli tu. Tangu sehemu ya kwanza hakukosa hata siku moja.

"Mwanaisha, mwanangu. Yule mgeni kachekea nini?"

"Sijui, bibi. Labda hajazoea."

"Mimi sioni, ila kicheko nakijua. Kile ni cha mtu aliyeona kitu."

"Basi nitamuuliza. Kesho, kabla sijawasha deki, nitakwambia alichochekea."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, bibi."

Alisema hivyo kwa wepesi, moyo ukiwa umejaa raha. Alikuwa na haki ya kuwa na raha. Mwaka uliopita alihitimu chuo cha ualimu, na tangu hapo alikuwa akisubiri kupangiwa shule. Lakini badala ya kukaa barazani akihesabu miezi, alikuwa amelichukua banda la mjomba wake lililokuwa na wasikilizaji tisa tu saa hiyo ya alasiri, akalijaza hadi wengine wakakaa sakafuni. Sasa watu walikuja hadi kutoka Mtwara mjini. Na Mjomba Mohamedi alikuwa amemwahidi kwamba, tamthilia hii ikimalizika salama kesho, atampa kiti cha jioni: banda lote, wanaume kwa wanawake, kipaza sauti kikubwa. Hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia. Faraji, aliyekikalia kwa miaka mitano, alikuwa akipita akisema, "Wanawake? Watatia chumvi mpaka mchuzi usilike."

Mwanaisha alitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Alimkuta mgeni ng'ambo ya barabara, akimsubiri fundi azibe mpira wa baiskeli yake. Jina lake Yusufu, kwao Ziwani, ila kwa miaka minane alikuwa baharini akivua jodari kwenye meli ya Wakorea.

"Nisamehe, dada," alisema. "Nilikuwa napita, nikasikia lugha ile niliyofokewa nayo miaka minane. Miguu ikaingia yenyewe."

"Na kicheko?"

Yusufu alijikuna shingo. "Una sauti nzuri sana. Nitawaambia watu wa kwetu waje wasikie."

"Nimeuliza kicheko, kaka."

"Ba'mdogo hakusema nilikuuza. Alisema, kaka, mtoto wako amekua, niruhusu sasa nimwambie." Akamtazama. "Tamthilia hii tuliitazama melini mara tatu. Yule mtu hakumuuza mtu yeyote."

Mwanaisha hakuhitaji kuuliza kosa lilianzia wapi. Alipajua mahali penyewe. Diski ya tatu ilikuwa na mkwaruzo, na siku ile ilikwama kwa dakika kumi, picha ikagawanyika vipande vipande, na banda lote likapiga kelele kudai hadithi. Picha iliporudi, baba alikuwa amelala chini amekufa na mdogo wake amesimama na bahasha mkononi. Mwanaisha akajaza pengo. Akasema bahasha ilikuwa ya fedha za Bwana Miwani, na kwamba Ba'mdogo ameipokea. Wanawake walishika vifua, mmoja akalia. Hakuwahi kulisimamisha banda kama siku ile.

Kuanzia sehemu ya saba hivi mistari ya Kiingereza ilianza kumkatalia. Ba'mdogo alisema maneno ambayo msaliti hawezi kuyasema. Na Mwanaisha, badala ya kurudi nyuma, aliyapinda: hapa kidogo, pale kidogo, kama fundi aliyekosea kipimo cha mkono mmoja wa gauni akaona heri aukate na wa pili.

"Bahasha ilikuwa na nini?" aliuliza.

"Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Baba alijua watakuja. Akampa mdogo wake, akamwambia mchukue mwanangu, mwite wako, na watu wakikusingizia kwamba umeniuza, kubali. Wauaji wakiona hukuwa upande wangu, hawatamtafuta mtoto kwako."

Mwanaisha akaipima hadithi hiyo kichwani. Ilikuwa nzuri kuliko yake. Hilo ndilo lililomuuma kwanza, kabla ya aibu.

"Tamthilia yenyewe unaipenda?" aliuliza Yusufu, labda kumpumzisha.

"Naipenda, nagombana nayo. Ngumi zao naziheshimu. Hawakimbizi kamera, unaona mguu umesimama wapi, na mtu akianguka unajua kwa nini ameanguka."

"Na Bwana Miwani akimlisha binti yake uji?"

"Hapo ndipo waliponiweza. Unamchukia huku unaogopa yule mtoto asibaki yatima. Halafu Mkimya akiua hafurahi. Kila akimaliza mmoja anakaa chini kama mtu aliyebeba gunia la korosho kutoka Ziwani." Akacheka kidogo. "Ila visu! Kachomwa mara nane, Bi Mariamu anahesabu, na kesho yake yuko juu ya pikipiki."

"Na mvua? Meli nzima tulikuwa tukiona wingu tunasema, leo anakufa mtu."

"Sehemu ya kumi na ya kumi na moja ni kumbukumbu tupu, tunaonyeshwa yaleyale. Na yule daktari wa kike, kazi yake kushona majeraha na kulia. Mimi humwongezea ukali kidogo."

"Nimesikia. Kamtukana Mkimya kwa Kiswahili safi." Yusufu akaacha kucheka. "Hilo sigombani nalo, dada. Lakini Ba'mdogo umemvua heshima yake. Kesho anakufa. Anaingia mbele ya kisu cha Bwana Miwani."

"Usiniambie mwisho!"

"Nimekwisha sema," alisema Yusufu kwa unyonge, na hata fundi baiskeli akacheka.

Alipokuwa akipanda baiskeli yake, alisema, "Mimi naondoka. Hapa hakuna mwingine anayejua. Ukisema amejitoa kwa majuto, itapita."

Ingepita. Mwanaisha alilijua hilo kwa uhakika wa mtu anayeijua kazi yake. Angeikwaruza sauti, angekiigiza vizuri kifo cha Ba'mdogo, na wanawake wangemsamehe kwa machozi mengi. Kisha kiti cha jioni.

Kesho yake mchana alimwendea mjomba wake, akamweleza yote. Mohamedi alikuwa akipanga viti. Alisikiliza akiwa ameshika kimoja hewani.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi."

"Basi hakuna anayejua." Akakiweka kiti chini. "Mwanaisha, watu wanatoka mjini. Faraji mwenyewe kaomba akae nyuma asikilize. Nikusimamishe leo jioni mbele ya wanaume wanaojua kwamba umewadanganya wake zao mwezi mzima? Sema wiki ijayo, ukishakaa kitini."

"Nimemwahidi Bi Mariamu leo. Kabla ya deki kuwashwa."

"Bibi hata haoni!"

"Ndiyo maana, mjomba."

Mohamedi hakuwa mtu mbaya. Alilipenda banda lake. "Ukisema leo," alisema taratibu, "jioni anasoma Faraji, na ataendelea kusoma. Sitakufukuza saa tisa. Lakini usije kuniuliza tena habari za jioni."

Saa tisa banda lilifurika. Wengine walisimama ukutani na watoto migongoni. Faraji alikaa nyuma kabisa, karibu na pazia, kwa ruhusa maalumu, na kwa hiyo alitaniwa zaidi ya Yusufu. Bi Mariamu alikuwa kwenye benchi lake, kanga mpya, kama mtu aliyealikwa harusini.

Mwanaisha alichukua kipaza sauti. Aliweka kidole juu ya kitufe cha deki. Alikitoa.

"Shikamoo, Bi Mariamu."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana nilikuahidi nitakwambia yule mgeni alichochekea." Sauti ilimtoka yake mwenyewe, nyembamba, isiyo ya mzee wala ya jambazi, wengi pale hawakuwahi kuisikia kwenye spika. "Alinichekea mimi. Siku ile diski ya tatu ilipokwama sikuona kilichotokea. Nikatunga. Bahasha haikutoka kwa Bwana Miwani. Na baadaye nilipoanza kujua nimekosea, nikaendelea kuwapindishia maneno ili kosa lisionekane."

"Yaani nimemtukana mtu bure mwezi mzima?" alisema yule wa safu ya mbele.

"Mwalimu mzima!"

"Mimi nimemlilia marehemu kwa uongo wake!"

"Ngoja Faraji atusomee, huyo angalau anaongopa kwa kuchekesha!"

Kicheko kikavuma. Faraji hakucheka, alitazama chini, na hilo lilimchoma Mwanaisha zaidi. Karibu na mlango wa pembeni mjomba wake alikuwa amesimama, mikono nyuma. Alitikisa kichwa mara moja, akaenda akamgusa Faraji begani, akamnong'oneza. Faraji akaitikia. Mwanaisha aliona yote hayo na akajua kiti kimekwenda.

Angeweza kuwasha deki hapo. Makelele yangemezwa na muziki wa mwanzo. Lakini alikuwa ametaja kosa tu, na ahadi yake ilikuwa zaidi ya hapo. Bi Mariamu alikuwa bado ameuinua uso kuelekea sauti ilikotoka, akisubiri.

Mwanaisha akakiacha kipaza sauti juu ya meza. Akapita katikati ya watu, wengine hawakumsogezea miguu, akaenda kuchuchumaa mbele ya benchi na kumshika bibi yule mikono.

"Haya," alisema Bi Mariamu. "Bahasha ilikuwa na nini?"

"Cheti cha mtoto, bibi. Kaka mtu alijua watakuja kumuua. Akamwita mdogo wake..."

"Paza sauti, na sisi hatusikii huku!" alifoka mtu kutoka ukutani.

Akapaza. Akiwa amechuchumaa vilevile, bila spika, alimsimulia Bi Mariamu dakika kumi za diski ya tatu tangu mwanzo, neno kwa neno kama alivyozipokea, hakuongeza kitu.