Sauti ya Chini ya Mwanatatu

Kwa miaka kumi na mbili Mwanatatu aliimba jazi katika hoteli moja ya Diani, na miaka yote hiyo mama yake hakumsikia hata mara moja. Si kwamba Bi Nyamvula alikataa kwenda. Ukumbi ulikuwa wa wageni waliolala pale, na mlinzi wa langoni hakuwa na namna ya kumpitisha mwanamke wa Mtongwe, kajitanda leso, asemaye tu kwamba amekuja kumsikiliza mwanawe. Alijaribu siku moja, akarudi nyumbani, wala hakumlaumu mlinzi.

Jazi yenyewe Mwanatatu aliipata kwa jirani. Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa Matthew, Mtaita aliyepiga tarumbeta katika bendi ya wanamaji wa kambi ya hapo Mtongwe hadi akastaafu, kisha akajenga papo hapo kwa kuwa alikwisha kupazoea. Kila alasiri alitoka barazani na tarumbeta yake. Mwanatatu alikuwa na miaka kumi na minne wakati huo, na mama yake alikuwa akimchukua kwenye arusi kuimba vugo pamoja na wanawake wa mtaa, wakigonga zile pembe zao za ng'ombe. Siku moja alipita mbele ya baraza, akasimama, akaijibu tarumbeta kwa sauti yake, bila maneno. Matthew akapiga tena, kwa madoido zaidi. Msichana akajibu tena. Mzee alishusha ala yake akamwuliza nani amemfundisha, naye akasema hakuna.

Siku hiyo hiyo Matthew alikwenda kumpigia hodi Bi Nyamvula, akaomba ruhusa amfundishe binti yake hapo barazani, mbele ya watu. Bi Nyamvula alikubali kwa sharti moja, kwamba asiache kuimba arusini.

Diani alikwenda akiwa na miaka ishirini na minne. Jina alilipata kwa noti moja ya juu sana aliyoiweka mwishoni mwa wimbo wa kufungia. Wageni waliisubiri, wengine walirudi mwaka wa pili kwa ajili yake. Nyimbo alizotunga mwenyewe alikuwa nazo kwenye daftari, lakini meneja alimwambia wageni hawaji kusikia wasichokijua. Mwanatatu hakubishana. Alikuwa na ile noti, na ile noti ilimtosha.

Mwaka 2022 shingo yake ilianza kuvimba. Madaktari walisema lazima apasuliwe, na wakamweleza mapema kwamba mshipa wa sauti unapita karibu mno na uvimbe. Upasuaji ulikwenda salama. Haukuwa ugonjwa wa kuua, na hilo Bi Nyamvula alilishukuru kwa siku tatu za saumu. Lakini Mwanatatu aliamka akiwa hana sauti ila mnong'ono. Hoteli ilimsubiri miezi mitatu, kisha ikachukua mwimbaji mwingine. Akarudi Mtongwe kumsaidia mama yake kuuza mahamri na mbaazi asubuhi.

Sauti ilipoanza kurudi, alijifungia bafuni, akafungua mfereji ili asisikiwe, akaitafuta ile noti. Haikutoka sauti, ulitoka upepo mtupu. Alijaribu wiki nzima. Baada ya hapo alilifunga daftari lake kwa kamba akalitia mvunguni mwa kitanda.

Ikawa siku moja yuko jikoni, mbaazi zimekaribia kushika chini, akamwita mama yake aliyekuwa uani. Bi Nyamvula alikuja mbio, akasimama mlangoni, mkono kifuani.

"Nilidhani ni marehemu mama," alisema. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita."

Akamweleza jambo ambalo Mwanatatu hakulijua. Bibi yake alikuwa na sauti nzito ajabu, na katika vugo wanawake wote walimpanga nyuma, kwa sababu wimbo uliegemea kwake. Akiugua, arusi iliahirishwa.

Jioni ile Mwanatatu alikwenda kwa Matthew, mara ya kwanza tangu hospitali. Mzee alikuwa na miaka sabini na minne. Hakumpa pole, na wala hakumwambia kwamba sauti itarudi. Alimwonyesha meno yake.

"Haya ni ya bandia," alisema. "Tangu niwekewe, mimi huko juu sifiki. Basi na tukae huku chini sote wawili, tuone kuna nini."

Walikaa huko chini mwaka mzima. Daftari lilitoka mvunguni. Nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya sauti ya zamani walizishusha, nyingine wakazivunja na kuzijenga upya. Tarumbeta ya Matthew ilikuwa sasa nyororo, karibu kama mtu anayezungumza, na Mwanatatu akagundua kwamba chini huku hakuwa na haja ya kushindana nayo. Maneno yalisikika. Zamani watu walisubiri noti ya mwisho, sasa kila neno lilikuwa na uzito wake. Baadaye wakawaita wanawake wanne wa vugo waweke mdundo, na baraza ikawa haitoshi.

Vivian, mwanamke aliyeandaa tamasha la jazi Kisauni, alikuwa amemsikia Diani miaka iliyopita. Alimpigia simu akimtaka aje na ule wimbo wake wenye ile noti. Mwanatatu alimwambia ukweli wote. Vivian akasema jina lake limekwisha kubandikwa ukutani toka Mtopanga hadi Junda, basi na aje aimbe nyimbo mbili saa nane mchana, watu wakiwa bado wanaingia. Mwanatatu alijua maana ya saa ile. Alikubali.

Uwanjani jua lilikuwa kali, na nusu ya watu walikuwa wamesimama kwenye foleni ya madafu. Bi Nyamvula alikaa kiti cha mbele kabisa. Matthew alipanda jukwaani akaketi kwenye kigoda chake, wanawake wa vugo wakajipanga nyuma. Mwanatatu aliimba wimbo aliouandika zamani, wa wanawake warudio arusini alfajiri, viatu mkononi, wakicheka peke yao barabarani. Alianza chini kabisa, polepole.

Foleni ya madafu iligeuka. Wimbo ulipokwisha, uwanja ulipasuka kwa vigelegele. Baada ya wimbo wa pili alitaka kushuka, akamwona Vivian kando ya jukwaa anafuta machozi kwa kiganja huku mkono wa pili ukimwashiria aendelee. Aliimba sita. Kwenye wa nne Chengo, mpiga gitaa wa bendi kubwa iliyopaswa kufuata, alipanda na gitaa lake, akauliza kwa macho kama anaruhusiwa, akaketi sakafuni karibu na Matthew. Kwenye wa mwisho Bi Nyamvula aliinuka na kuitikia, na uwanja mzima ukaitikia pamoja naye. Ile noti ya juu hakuna aliyeiulizia, na Mwanatatu mwenyewe hakuikumbuka mpaka alipokuwa ndani ya gari wakirudi.

Mwaka uliofuata walirekodi nyimbo kumi na moja katika studio ndogo ya Junda. Fundi wa mitambo alitaka kuufuta mkwaruzo uliosikika kila alipovuta pumzi. Mwanatatu alimwambia auache kama ulivyo. Santuri ilipotoka, redio za pwani ziliipiga kutwa, na mialiko ikaja kutoka Nairobi, Zanzibar, hata Marseille.

Uzinduzi aliufanya Likoni, Jumamosi asubuhi, kwa sababu wanawake wa Mtongwe ndiyo saa waliyoipata. Ukumbi ulijaa saa moja kabla ya wakati, na waliokosa viti walikaa madirishani. Mwanatatu alitoka akiwa na gauni la hariri la rangi ya zambarau, akawasalimu kwa sauti yake nzito, na watu mia nne wakamwitikia kwa pamoja. Akamgeukia Matthew. Mzee akalamba midomo, akahesabu hadi nne, wakaanza.